Herufi za Bibi Harusi

Kuna aina za herufi zisizo na makuu, na kuna aina moja ambayo ni makuu matupu. Pale kwenye kiwanda cha uchapaji waliibatiza jina, wakaiita Bibi Harusi, na aliyewafundisha kuipenda ni mwanamke mmoja aliyekaa na herufi muda mrefu kuliko alivyokaa na mumewe. Walimwita Mama Herufi. Kazi yake ilikuwa kupanga maneno yapendeze: kadi za harusi, majalada ya majarida, maboksi ya manukato, mabango ya maonyesho ya muziki. Ukimpelekea maneno yaliyochoka, alikurudishia yamevaa.

Bibi Harusi ni herufi ya siku nyingi, ya zaidi ya karne mbili, iliyozaliwa pale karatasi zilipoanza kuwa laini na mafundi wa kuchonga herufi walipotaka kuonyeshana nani ana mkono mwepesi. Uzuri wake wote umetokana na ugomvi. Nguzo zake ni nene, nyeusi, zimesimama wima kama walinzi wa benki. Halafu kinachoziunganisha ni kistari chembamba kama unywele, na chini kuna vijiguu vyembamba vilivyonyooka bila hata kona ya kuvilainisha. Hakuna cha katikati. Ni unene na wembamba, basi. Iandike kubwa kwenye karatasi nzuri, uipe nafasi ya kupumua, na hata neno "Karibu" litakuja na heshima zake. Iandike ndogo kwenye karatasi ya hovyo uone: vinywele vinakatika, zinabaki nguzo zimesimama kila moja na lake, kama wageni waliokosa mwenyeji.

Ndiyo maana Mama Herufi alikuwa na amri zake. Ya kwanza: "Bibi Harusi hapelekwi shambani." Maana yake usimpeleke gazetini, usimpe maandishi madogo, na usimbebeshe namba za simu. Mpanga kurasa mmoja aliyefanya kazi chini yake kabla ya kuhamia kwenye gazeti, ambaye kichwa chake kilianza kung'aa kabla ya umri wake wakamwita Kipara, alikuwa akiitamka amri hiyo kwa kuiga sauti yake mpaka watu wanashika mbavu. Amri ya pili ilihusu namba. Hakuna kazi yenye namba iliyotoka pale kiwandani mpaka namba hiyo isomwe kwa sauti na mtu asiyeijua. "Anayeijua namba haisomi," alikuwa akiwaambia. "Anaikumbuka."

Nyumbani mambo yalikuwa mengine kabisa. Mumewe alikuwa fundi wa kuchomelea mageti, mtu wa chuma, wa sauti kubwa na mkono mzito, na kwake yeye herufi ilikuwa kitu cha kusoma na kuacha. "Wewe na vinywele vyako," alikuwa akimtania mkewe, "iko siku upepo utavichukua." Naye alimjibu kwamba mageti yake ni nguzo tupu, ndiyo maana hata wezi hawayatamani. Walitaniana hivyo miaka yote. Walipendana, ingawa neno lenyewe hakuna aliyewahi kulitoa mdomoni.

Walijaliwa mtoto mmoja wa kiume, aliyechukua mikono ya mama na kichwa kigumu cha baba, na hapo ndipo balaa lilipopata mlango. Baba alitaka arithi karakana. Kijana alipomaliza shule akavalishwa ovaroli, na mama kwa furaha akachora bango la mlangoni, Bibi Harusi mwenyewe, herufi ndefu kama mkono wa mtu mzima: FUNDI WA MAGETI NA MWANAWE. Hakukuwa na bango zuri kama lile mtaa mzima. Watu wasio na nyumba, wacha geti, walisimama kulitazama.

Kijana alichomelea kwa miaka kadhaa, lakini moyo haukuwepo. Maungio yake yalikuwa ya kubahatisha, na baba hakuwa mtu wa kumeza maneno. Asubuhi moja geti alilolifanya likang'oka bawaba mbele ya mwenye nyumba. Fundi, kwa aibu na hasira, akasema mbele ya wateja na majirani: "Huyu si mwanangu. Mwanangu asingenitia aibu hivi." Ulimi hauna mfupa. Kijana alichukua kopo la rangi nyeupe, akapanda ngazi, akafuta maneno NA MWANAWE taratibu kwa brashi, bila kudondosha hata tone, kisha akashuka.

"Nimesahihisha bango," alimwambia baba yake.

"Basi umejifuta kwa mkono wako," akasema baba. "Na hapa usikanyage tena mpaka nikuite. Mimi, kwa mdomo wangu. Asije akakuita mama yako ukadhani nimekuita mimi."

Kijana aliondoka siku ileile. Mwanzoni alimpigia mama yake simu kwa siri, wakaongea habari za mvua, za malaria, za chochote isipokuwa baba. Kisha mama akaibiwa simu sokoni, na namba ya mwanawe ikaenda nayo, kwa sababu nani siku hizi anakariri namba ya mtu? Laini ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, kwa hiyo hata kuirudisha ikashindikana. Uzi ukakatika hapo. Mara walisikia yuko mji huu, mara ule, mara ameoa, mara hajaoa. Fundi hakuuliza, lakini habari hizo zilipotajwa alikuwa akipunguza sauti ya redio.

Miaka ikaenda. Moshi wa kuchomelea ulikuwa umejikusanyia mapafuni mwa fundi bila kelele, na ulipojitangaza ulikuwa umeshamaliza kazi. Daktari aliwarudisha nyumbani na dawa za kutuliza maumivu na ushauri wa kukaa pamoja, na mtu mzima anajua ushauri huo maana yake nini. Sauti iliyokuwa ikisikika mtaa wa pili sasa ilitoka kwa mafungu, kidogo kidogo, na kila siku fungu lilipungua.

Mchana mmoja mkewe alikuwa akimnywesha maji, fundi akaisukuma glasi pembeni.

"Mama," alisema, maana ndivyo alivyomwita tangu wapate mtoto. "Nataka kuongea na yule mtoto."

Mama Herufi aliiweka glasi chini kwa uangalifu, kama angeweza kuyamwaga maneno yale. "Unataka kumwambia nini?"

"Ni yangu na yake. Nilimfukuza kwa mdomo huu, nitamrudisha kwa mdomo huu. Hayapiti kwa mtu wa kati, hata kama mtu mwenyewe ni wewe." Akapumzika, akavuta hewa. "Lakini fanya haraka. Mdomo wenyewe unaisha."

Akafanya haraka. Alipiga simu kwa kila aliyewahi kusoma na mwanawe, kwa kila aliyewahi kupanga naye chumba, kwa marafiki wa marafiki. Wote walisema watauliza, na wote waliishia hapo. Ndipo akakumbuka gazeti, lile la Jumapili linalofika kila mji, likisomwa na wenye nalo na wasio nalo. Fundi akakubali kwa masharti. Namba iwe yake, si ya mkewe. Na picha isiwepo: "Picha ni ya mwizi anayetafutwa."

Mama Herufi akakaa mbele ya kompyuta yake kiwandani, akaandika: *Mwana wa fundi wa mageti, baba yako anakuita. Piga namba hii. Atapokea yeye mwenyewe.* Chini akaweka namba.

Kwanza aliipanga kwa herufi nene ya kawaida, ile inayotumiwa na magazeti, isiyovunjika hata ukiikanyaga. Akaitazama. Ilifanana na tangazo la kukatika maji. Nani husimama kusoma tangazo la kukatika maji? Akafikiria mwanawe, popote alipo, akipitisha macho juu ya ukurasa wenye viwanja vinavyouzwa na vyeti vilivyopotea, asione kitu, afunge. Huyu mtoto alijifunza kuandika akiwa amekaa mapajani mwake kwenye meza ya jikoni. A ya kwanza aliyoichora maishani ilikuwa A ya Bibi Harusi, mguu mmoja unywele, mguu mmoja nguzo. Angeitambua kama mtoto anavyotambua kikohozi cha mama yake kwenye umati.

Akabadilisha herufi. Akabadilisha na namba pia, kwa sababu tangazo la herufi mbili lilimkera macho, na kwa sababu alitaka litoke zima mkononi mwake.

Kule gazetini Kipara alipoliona alicheka kwanza.

"Mama Herufi! Leo Bibi Harusi tunampeleka shambani?" Kisha akamwona uso, kicheko kikamfia. "Samahani, mama. Lakini wewe mwenyewe ndiye uliyetukataza. Karatasi yetu unaijua, inakunywa wino kama mlevi."

"Naijua."

"Basi angalau namba tuiweke kwa herufi yetu. Haina sura, lakini haifi."

"Mwanangu atanitambua kwa herufi hizi. Nikichanganya, atadhani ni kazi ya mtu mwingine."

"Tuikuze, basi."

"Kwenye safu nyembamba hivi utaikuzia wapi? Nitolee prufu."

Kipara akamtolea nakala ya majaribio kwenye mashine ya ofisini, karatasi nyeupe, laini kama shavu la mtoto. Vinywele vyote vilikuwepo. Hakuna hata kimoja kilichokatika. Mama Herufi akaigonga karatasi kwa ukucha. "Unaona?" Kipara aliona, na alijua vilevile kwamba Jumapili gazeti halichapwi kwenye karatasi ile. Lakini mwanafunzi habishani na mwalimu wake, hasa mwalimu mwenye mgonjwa kitandani.

"Nani aisome namba kwa sauti?" akauliza, kama alivyofundishwa.

"Namba ya mume wangu? Naijua kama jina langu."

Kinyozi hajinyoi, wahenga walisema, na waliosema hivyo hawakuwa wanatania.

Jumapili alilichukua gazeti kwa muuza magazeti kabla hajamaliza kulipanga, akarudi nalo kifuani. Akamketisha mumewe kwa mito miwili, akamshikia ukurasa mbele ya macho. Lilionekana mara moja. Matangazo mengine yote yalikuwa yamejazana kama abiria wanaogombea dirisha, na lao limesimama peke yake, limetulia. Fundi alilitazama kwa muda mrefu.

"Umenivalisha suti," alisema.

"Ulistahili, hata harusini ulivaa ya kuazima."

Alicheka, kicheko kikageuka kikohozi, na kikohozi kilipopita akasema, "Nisomee namba, nione kama umeiandika sawasawa." Akamsomea. Alisoma tarakimu baada ya tarakimu bila kusita, kidole chake kikipita juu ya karatasi, na fundi akawa anaitikia kwa kichwa. Wewe unayesoma habari hii umeshajua, na laiti ungekuwepo chumbani mle. Kidole kilipita juu ya nne isiyokuwa nne. Mkono wake wa mshazari ulikuwa umemezwa na karatasi, umebaki mti mmoja. Kilipita juu ya saba iliyopoteza paa. Kilipita juu ya sifuri iliyokatika juu na chini, ikawa miti miwili iliyosimama ikitazamana. Mama Herufi aliyaona yote yakiwa mazima, kwa sababu hakuwa akisoma. Alikuwa akikumbuka.

Simu ikawekwa kwenye mto, karibu na sikio. Ilipoita, fundi aliinua mkono watu wanyamaze, akasafisha koo, akajiweka sawa kama mtu anayetaka kuingia ofisi ya mkubwa. Alikuwa mteja aliyetaka kujua geti lake litakuwa tayari lini. Ikaita tena, alikuwa dada yake fundi, akiuliza amekula nini. Kila ilipoita mgonjwa alitumia nguvu zake kujiandaa, na kila mara nguvu hizo zilipotea bure. Baadaye dada mtu akaja mwenyewe na mzigo wake wa nguo, akakaa miguuni mwa kitanda.

"Kaka yangu, usijitese," alisema. "Watoto wa siku hizi ukishawalea umekwisha."

"Chaji ipo?" fundi alimuuliza mkewe.

"Ipo."

"Na mtandao?"

"Upo, baba."

Aliuliza maswali hayo asubuhi na jioni. Kisha akawa anauliza la chaji tu. Kisha akawa anaitazama simu, na mkewe anajibu bila kuulizwa. Wiki ilipokuwa inaelekea mwisho sauti ilikuwa imebaki ya kuinamiwa. Mama Herufi akainama.

"Hakutaka," alisema fundi. Hakuwa na hasira hata chembe, na hilo ndilo lililomuumiza mkewe zaidi. "Nami nisingetaka. Ningekuwa yeye, nisingetaka."

Akageukia ukutani. Kesho yake, kabla ya adhuhuri, akafariki, simu ikiwa chini ya kiganja chake.

Mama Herufi alimlilia mumewe kwa jicho moja. Jicho la pili lilikuwa kavu, linamngoja mtoto. Alikuwa na hasira ambayo hakuwahi kujua kwamba mama anaweza kuwa nayo. Alijiapiza kwamba akitokea mlangoni hatamfungulia, kwamba atamwambia neno litakalomfuata mpaka uzeeni. Baba yako alikuita kwa mdomo wake, kama alivyosema, gazeti zima likajua, na wewe ukaona ni bora kunyamaza! Siku ya maziko wifi yake alisema mbele ya waombolezaji, kwa sauti isiyo ya kunong'ona, "Damu ikikataa imekataa." Wote walimtazama mama. Mama hakumtetea mwanawe.

Alikuja siku iliyofuata maziko, mchana, viti vya kukodi vikiwa vinapangwa juu ya gari. Alikuwa amenenepa kidogo, ana ndevu, viatu vina vumbi jeupe la safari ndefu. Alisimama nje ya geti ambalo baba yake alilichomelea mwenyewe, akaona viti, akaona turubai linakunjwa. Hakuhitaji kuambiwa. Wifi mtu alipomwona aliondoka sebuleni bila salamu, akaenda kuosha vyombo vilivyokwisha oshwa.

"Shikamoo, mama."

Hakumwitikia. Amri aliyojiwekea ya kutomfungulia ilimshinda, miguu ilikwenda yenyewe mpaka kwenye geti, lakini mdomo haukusalimu amri. "Umekuja kufanya nini?"

"Baba..."

"Baba yako tumemzika jana. Alilala na simu sikioni kama mtoto anayengoja zawadi. Ulikuwa wapi wewe? Gazeti hukuliona?"

"Nililiona."

"Uliliona!" Sauti yake ilipanda mpaka wale wa viti wakasimama. "Uliliona, ukashindwa kubonyeza namba?"

Mwanawe akaingiza mkono mfukoni, akatoa kipande cha gazeti kilichokunjwa na kukunjuliwa mpaka kimekuwa laini kama kitambaa. Pembezoni kote kulikuwa na namba kwa kalamu ya wino, namba juu ya namba, kila moja imekatwa kwa mstari.

"Nimepiga, mama," alisema. "Namba ya baba niliifuta siku ile niliyoondoka, nikabaki na hii ya gazeti. Nimepiga mpaka watu wakanitukana. Mmoja aliniambia nikipiga tena ataniitia polisi. Hii hapa ni moja, au ni nne? Hii je? Na hii miti miwili, ni moja na moja, au ni nini? Nilijaribu kila namna. Nilimpelekea mwenye duka, nikampelekea mwalimu, kila mtu ana yake."

Mama Herufi alikichukua kile kipande. Waliingia ndani, hakukumbuka baadaye waliingiaje. Alikaa kwenye kochi akaitazama kazi yake kama ingekuwa ya mtu mwingine, kwa macho yale mapya aliyokuwa akiwadai wenzake kila siku. Maneno yalisomeka. Yalikuwa yamechujuka hapa na pale, lakini neno likipoteza kiungo, majirani zake hulishika mkono: *baba* hata likikatika bado ni *baba*. Namba haina jirani. Kila tarakimu inasimama kwa miguu yake, na hizi zilikuwa zimebakiwa na nguzo tu, safu ya miti myeusi, mizuri, isiyosema chochote.

Aliyajua haya. Aliyafundisha. Kuna watu waliokula mshahara kwa sababu yeye aliwafundisha haya.

"Ni mimi," alisema. "Waliniambia niweke herufi nyingine, nikakataa. Nilitaka ujue ni mimi."

"Nilijua ni wewe." Mwanawe aliketi karibu naye. "Napaka rangi samani kule. Nilikuwa natandaza magazeti mezani kabla ya kuanza, nikaona A yako. Mkono ulisimama wenyewe. Ingekuwa herufi nyingine, ningeshaimwagia vanishi. Nisingejua hata kama anaumwa."

Alikusudia kumfariji, na mama alilijua hilo, lakini maneno yale yalimfunga pande zote. Asingezitumia herufi zile, mtoto asingeona. Alizitumia, mtoto hakuweza kusoma. Hakukuwa na mlango wa tatu, ila ule wa Kipara, wa kuacha maneno yavae na namba ifanye kazi, na mlango huo aliufunga yeye mwenyewe kwa kiburi cha macho yake.

"Kwa nini hukupanda basi ukaja?" aliuliza, ingawa hasira ilikuwa imeshamwishia. "Nyumba unaijua."

"Si nimekwambia nilijua ni wewe? Hilo ndilo lililoniweka. Nilisema, mama ameandika kwa huruma yake, mzee hata habari hana. Nikikanyaga atanifukuza mara ya pili. Alisema mpaka aniite kwa mdomo wake. Nikasema ngoja nimsikie kwanza, hata neno moja, nitapanda basi la siku hiyohiyo." Alizikunja zile ndevu zake kwa vidole. "Nilipochoka kukosea nikapanda hivyohivyo. Nilisema heri nifukuzwe."

Jikoni vyombo vilikuwa vimeacha kugongana. Wifi alikuwa akisikiliza, na mama akamwacha asikilize.

"Alitaka kuniambia nini?"

"Sijui, mwanangu."

"Hakukuachia hata neno?"

"Nilimuuliza. Alisema ni yako na yake, hayapiti kwa mtu wa kati." Angetoa jicho lake, lile la kazi, apate sentensi moja ya kumpa. "Amekwenda nayo."

Mwanawe alitikisa kichwa taratibu, kama mtu anayepewa maelekezo ya njia. Kisha akasema, bila kuuliza, "Kwa hiyo alidhani nimekataa."

Mama yeyote ana uongo wa akiba kwa ajili ya mwanawe, na wake ulikuwa tayari ulimini: hapana, alijua utakuja, alikungoja kwa imani. Ungetoka vizuri. Lakini aliitazama ile karatasi na namba zote zilizokatwa kwa mkono wa mtoto wake, na akaona kwamba ameshampa kitu kizuri kisichosomeka mara moja, na mara ya pili hawezi.

"Alidhani," alisema. "Na mimi pia nilidhani. Walikusema vibaya mbele ya watu, nikanyamaza."

Hapo kijana akainama, mabega yakamtikisika bila sauti. Mama alimwekea mkono mgongoni. Hakusema nyamaza, hakusema ni kazi ya Mungu, hakusema lolote kati ya yale aliyoambiwa yeye kwa siku mbili zile. Kijana alipoinuka macho yalikuwa mekundu. Akatoa simu yake.

"Nitajie," alisema.

"Nini?"

"Namba. Nitajie taratibu."

Akamtajia, moja baada ya nyingine, na mwanawe akawa anairudia kila tarakimu kwa sauti kabla ya kuibonyeza. Walipofika mwisho akaiweka sikioni.

Chumbani, juu ya kitanda kilichotandikwa upya, simu ikaita.

Mama Herufi alikuwa ameichaji kila siku tangu mumewe afariki, na hakuwa amejiuliza kwa nini. Aliinuka akaenda mpaka kitandani. Ilikuwa inatetemeka juu ya shuka, ikijisogeza kidogo kidogo kuelekea kwenye mto, na kwenye kioo kulikuwa na namba isiyo na jina. Alinyoosha mkono, kisha akaurudisha. Haikuwa yake kuipokea. Akakaa ukingoni mwa kitanda, akaiacha iite, na kilio alichokuwa amekizuia upande mmoja kikamtoka chote kwa pamoja.

Simu ilinyamaza. Kule sebuleni, mwanawe akapiga tena.